Mzigo Mzito, Mlima Mkali: Tuitunze Giaboksi ya Lori



Wakati wa mavuno ukifika, malori huteremka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kufuata vitunguu. Vitunguu vinang'olewa, vinakatwa majani, vinatiwa katika magunia. Halafu safari ya kupanda Karatu inaanza. Wakulima wa ngano, mahindi na mbaazi nao wanatafuta lori. Mkulima amehangaika shambani miezi mingi. Lakini lori likifa njiani, jasho lake lote linalala kando ya barabara.

Msimu mmoja sisi tulikuwa katika lori la namna hiyo. Lilijaa hadi juu. Katikati ya mlima likaanza kuishiwa nguvu. Dereva alichelewa kubadilisha gia. Lori likasimama, likataka kurudi nyuma. Akakanyaga mafuta sana, akaachia klachi ghafla. Tukasikia kishindo chini, kisha chuma kikasaga chuma. Basi, safari ikaishia hapo. Tulikaa siku tatu, na mvua ikanyesha. Magunia ya chini yakaanza kutoa maji.

Mzee mmoja, mwenye sehemu ya mzigo, akamwuliza dereva:

"Kijana wangu, lori hili linabeba tani ngapi?"

"Mzee, mimi nahesabu magunia tu."

Mzee akanyamaza. Na sisi tukanyamaza, maana hata sisi tulikuwa tumehesabu magunia tu. Ndiyo sababu leo tunaandika habari hii.

GIABOKSI INAFANYA KAZI GANI?

Mmewahi kuinua jiwe kubwa kwa mtaimbo? Mkono wako unakwenda mbali, lakini jiwe linainuka kidogo tu. Unapoteza mwendo, unapata nguvu. Giaboksi hufanya kazi kama mtaimbo huo.

Ndani yake mna magurudumu ya chuma yenye meno. Gurudumu dogo likizungusha gurudumu kubwa, mwendo unapungua na nguvu inaongezeka. Katika gia namba moja injini inazunguka haraka, lakini matairi yanakwenda polepole kwa nguvu nyingi. Hiyo ndiyo gia nzito. Katika gia za juu matairi yanakwenda mbio, lakini nguvu ni ndogo.

Nguvu yote ya injini hupita katika meno hayo. Mzigo ukizidi, au dereva akishtua gari, meno hukatika na shafti huvunjika.

Sasa fikirini njia zetu. Mto wa Mbu iko karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Karatu uko karibu mita 1,500. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300. Lori linalotoka Mto wa Mbu hadi ukingoni linapandisha mzigo zaidi ya mita 1,300 kwenda juu. Tena huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo gia zinapata taabu zaidi.

KWANZA: TUPIME MZIGO

Fanyeni hesabu hii. Magunia 100 ya kilo 100 kila moja ni kilo 10,000, yaani tani 10. Lakini gunia likifungwa lumbesa, huenda likawa na kilo 130. Magunia ni yale yale 100, lakini mzigo ni tani 13. Tani 3 zimepanda lorini kimya kimya.

Lumbesa inamwibia mkulima, kwa kuwa analipwa gunia moja kwa mazao ya gunia na zaidi. Inaumiza na lori. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100. Iko pia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne isibebe zaidi ya tani 10. Na gari zima pamoja na mzigo, hata liwe kubwa namna gani, lisizidi tani 56.

Lakini kila lori lina kiwango chake. Dereva asome kitabu cha gari au kibati chake. Asiyejua aulize kabla ya kupakia.

PILI: MAFUTA YA GIA

Meno ya gia yanaogelea katika mafuta. Mafuta yakipungua, chuma kinasuguana na chuma, kinapata moto, kinakwisha. Lori linapopanda mlima mafuta hukimbilia nyuma ya giaboksi. Yakiwa machache, sehemu ya mbele inabaki kavu.

Jinsi ya kuangalia:

1. Simamisha lori mahali pa tambarare. Zima injini. Weka kabari kwenye matairi. Ngoja lipoe.

2. Fungua nati ya kujazia, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Kwa malori mengi, mafuta yanatakiwa yafike kwenye mdomo wa tundu. Ingiza kidole, utayagusa.

3. Yanuse na kuyatazama. Yakinuka kuungua, yamepata moto mno. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ukiona vipande vya chuma, usisafiri. Mwite fundi.

4. Ongeza mafuta ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Usichanganye ovyo.

TATU: KUPANDA MLIMA

Anza safari kwa gia namba moja au ile nzito kabisa. Achia klachi polepole. Ikishashika, ondoa mguu juu yake. Dereva anayepumzisha mguu kwenye klachi anaiunguza. Na anayepumzisha mkono juu ya mti wa gia anakula vyuma vya ndani vinavyosukuma gia.

Ukiona mlima, punguza gia mapema. Usingoje injini igune na gari litetemeke. Gari likisimama mlimani, lishike kwa breki ya mkono, siyo kwa klachi. Utingo aweke kabari. Kisha ondoka taratibu kwa gia namba moja. Likikataa, punguza mzigo. Kupakua magunia ishirini ni kazi, lakini kupakua giaboksi ni kazi kubwa zaidi.

NNE: KUTEREMKA

Hapa si mali tu, ni roho za watu. Kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, au kutoka ukingo wa kreta kuja lango la Lodoare, wako madereva wanaoweka gia fri ili kuokoa dizeli. Ndugu zetu, hiyo ni hatari kubwa. Gari likiwa fri, injini hailizuii tena. Breki peke yake zinabeba tani zote. Zinapata moto, mwisho hazishiki.

Ingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka. Fuata kanuni hii: gia unayopandia mlima ndiyo ya kuteremkia, au nzito kuliko hiyo. Usingoje gari lishike mbio ndipo utafute gia. Huenda ikakataa kuingia, nawe ukabaki fri mlimani.

TANO: TOPE NA KUVUTWA

Wakati wa masika udongo wa Karatu unashika matairi kama gundi. Lori likikwama, usilitikise mbele na nyuma kwa kukanyaga mafuta. Tairi likizunguka bure, kisha likapata ghafla ardhi ngumu, shafti au difu huvunjika. Shukeni, chimbeni, wekeni mawe na matawi. Gia ya kurudi nyuma iingizwe gari likiwa limesimama kabisa.

Lori likiharibika na kuvutwa mbali, fundi afungue kwanza propela shafti. Sababu ni hii: injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanayorusha mafuta ndani ya giaboksi hayazunguki. Lakini matairi yanaendelea kuzungusha shafti nyingine, nayo inazunguka kavu.

DALILI ZA UGONJWA

Gia inaruka yenyewe. Gia inaingia kwa kelele. Mafuta yanadondoka chini. Giaboksi inalia katika gia moja tu. Lori lenye dalili hizi lisipelekwe mlimani na mzigo. Lipelekwe kwa fundi.

NA SISI WAKULIMA JE?

Tusimlaumu dereva peke yake. Nani alisema, "Ongeza magunia matano tu, nauli ni ile ile"? Ni sisi. Siku ile mlimani tulilipia magunia matano hayo kwa vitunguu vilivyooza, kwa kukodi lori la pili, na kwa bei iliyoshuka tulipofika sokoni tumechelewa. Tangu hapo, kikundi kile hukubaliana kwanza juu ya mambo matatu: kila gunia lipimwe, jumla iandikwe katika daftari, na dereva aoneshwe daftari kabla injini haijawashwa. Kusoma na kuandika tulikojifunza darasani kumepata kazi hapo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Magunia 80 yenye kilo 120 kila moja ni tani ngapi? Yangekuwa ya kilo 100 yangekuwa tani ngapi?

2. Kwa nini si vizuri kuteremka na gia fri?

3. Mafuta ya gia yakiwa meupe, maana yake nini?

4. Kijijini kwenu nani anapima mzigo kabla lori halijaondoka? Kama hakuna, mtafanya nini?