Pua Nayo Ilipakwa Krisma

Mwezi huu tunazungumzia pua. Wengi wetu huikumbuka siku ya mafua tu, lakini Wakristo wa kwanza waliipa heshima kubwa.

Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, alipouawa kwa ajili ya imani mwaka 155 hivi, waumini wake waliandika kwamba motoni hawakusikia harufu ya nyama inayoungua, bali ya mkate unaookwa na ya ubani. Katekesi za karne ya 4 zinazojulikana kwa jina la Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu zinaeleza kwamba waliobatizwa walipakwa Krisma kwenye paji la uso, masikioni, puani na kifuani. Kwa nini puani? Kwa sababu Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba sisi ni harufu nzuri ya Kristo. Ndiyo maana hata leo mafuta ya Krisma huchanganywa na manukato.

Kiungo kilichoheshimiwa hivyo kanisani kinastahili kutunzwa nyumbani. Juu kabisa ndani ya pua kuna chembe ndogo zinazopeleka habari za harufu kwenye ubongo. Ndizo zinazotuonya kwamba mboga imechacha, mafuta ya alizeti yameharibika, au kitu kinaungua jikoni. Mafua, tumbaku na pigo la kichwa huweza kuzidhoofisha. Tangu mwaka 2020, wengi pia walipotewa na harufu kwa sababu ya UVIKO-19.

Basi tuzingatie haya:

1. Mtoto akitokwa na usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja la pua, huenda ameingiza harage au shanga. Msimchokoe, mpelekeni zahanati.

2. Asiyesikia harufu kwa majuma kadhaa amwone daktari. Wakati huo, mwingine amsaidie kukagua chakula.

3. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Hapa Singida, baridi na upepo wa Juni na Julai hutushawishi kufunga madirisha na kuota moto ndani. Lakini hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu. Hata pua nzima kabisa haitawaamsha, na familia yote yaweza kulala isiamke tena. Mkisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje upesi.

Leo usiku, kabla ya sala ya familia, hakikisheni jiko liko nje.