Kuhamisha nyaraka kwenda kwenye kompyuta: kazi kwa wanajeshi wa zamani na watu wenye ulemavu

Mwaka 2012 wakaguzi wa Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani walitoa ripoti kuhusu ofisi moja ya idara hiyo katika mji wa Winston-Salem, jimbo la North Carolina. Makabati yalikuwa yamejaa, na mafaili takribani 37,000 yalikuwa yamerundikwa juu yake. Wakaguzi walionya kwamba uzito huo ungeweza kuhatarisha sakafu ya jengo.

Kila faili lilikuwa na mwenyewe: mtu aliyerudi vitani na jeraha, au aliyepoteza uwezo wa kusikia, akaomba fidia. Kufikia Machi 2013, maombi zaidi ya 600,000 yalikuwa yamesubiri kwa zaidi ya siku 125. Karatasi zilichangia ucheleweshaji huo, kwa sababu faili likiwa mezani kwa ofisa mmoja, ofisa wa mji mwingine hawezi kuliona. Tena karatasi huungua. Julai 12, 1973, moto katika kituo cha kumbukumbu za jeshi karibu na St. Louis uliteketeza mafaili ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18. Wengi walijikuta hawana ushahidi wa utumishi wao wenyewe.

Serikali ikaamua kuhamishia nyaraka kwenye mifumo ya kompyuta. Lakini nani akae na milima hiyo ya karatasi? Sehemu ya kazi hiyo Marekani imekwenda kwa wanajeshi wa zamani na kwa watu wenye ulemavu. Tuangalie inavyofanyika, na swali ambalo mara nyingi husahaulika: karatasi zikiisha, mfanyakazi anabaki na nini?

Kazi yenyewe ikoje?

Wengi hudhani ni kuweka karatasi kwenye mashine na kubonyeza kitufe. Hiyo ni hatua moja tu. Kwanza karatasi huandaliwa: pini zinatolewa, mikunjo inanyooshwa, kurasa zilizochanika zinatengwa na mpangilio wa awali unalindwa. Kisha zinapitishwa kwenye skana. Baada ya hapo mtu hukagua picha moja moja: ukurasa umekatika? Umepinda? Kuna uliorukwa? Halafu kila waraka hupewa jina, tarehe na namba ili uweze kutafutwa. Mwisho, maandishi yaliyosomwa na kompyuta hulinganishwa na ya awali, maana mashine huweza kusoma 3 ikaandika 8. Katika faili la fidia, tarkimu moja ikikosewa, mtu anaweza kukosa haki yake.

Kwa sababu kazi imegawanyika hivi, ni rahisi kuipanga kulingana na uwezo wa mtu. Anayetumia kiti mwendo anahitaji meza ya kimo kinachofaa na njia pana kati ya makabati. Kiziwi hazuiwi na kelele za mashine, ila anahitaji maelekezo kwa maandishi au kwa lugha ya alama. Asiyeona anaweza kufanya kazi na maandishi yaliyokwisha kusomwa na kompyuta, akitumia programu inayomsomea skrini. Mwenye msongo uliotokana na vita anaweza kuhitaji chumba tulivu na mapumziko yanayojulikana. Kosa ni kumpangia mtu hatua kwa kutazama ulemavu wake bila kumuuliza anaweza nini na anataka kujifunza nini.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni ya zabuni. Mwaka 1938 Marekani ilipitisha sheria iliyoiwezesha serikali kununua mifagio na bidhaa nyingine zilizotengenezwa na wasioona. Mwaka 1971 sheria ikapanuliwa, ikaingiza watu wenye ulemavu mwingine mkubwa na pia huduma, si bidhaa peke yake. Leo mpango huo unaitwa AbilityOne, na kutunza na kuskani nyaraka ni miongoni mwa huduma zake. Mashirika yasiyo ya faida hupewa mikataba, na kwa miaka mingi sharti limekuwa kwamba angalau asilimia 75 ya saa za kazi zifanywe na watu wenye ulemavu.

Njia ya pili ni ya mafunzo kazini. Mwaka 2009 kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani kilianzisha mpango wa Veterans Curation Program. Kikosi hicho hujenga mabwawa, na ardhi inapochimbwa hupatikana vitu vya kale pamoja na rundo la ripoti, ramani na picha. Wanajeshi wa zamani huajiriwa kwa miezi michache, wakiwemo waliojeruhiwa, wajifunze kuvisafisha, kuvipiga picha na kuskani kumbukumbu zake. Kazi hiyo huendana na kuandaa wasifu wa kuombea ajira na kutafuta kazi au masomo yanayofuata. Tangu siku ya kwanza, mfanyakazi anajua kwamba ataondoka, na anaandaliwa kuondoka.

Kila njia ina upungufu wake. Ya zabuni hutoa ajira ya muda mrefu, lakini imelaumiwa kwa kuwaweka watu wenye ulemavu peke yao, mbali na wafanyakazi wengine. Ya mafunzo hufungua mlango, lakini muda wake ni mfupi na nafasi ni chache.

Mshahara

Kuna jambo lililozua ubishi mkubwa zaidi. Sheria nyingine ya Marekani ya mwaka huo huo wa 1938 iliruhusu waajiri wenye kibali kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara, kwa hoja kwamba wanazalisha kidogo. Wanaharakati walipinga kwa miongo mingi. Mwaka 2022 tume ya AbilityOne ilizuia vibali hivyo kutumika katika mikataba yake. Ilichukua zaidi ya miaka 80.

Na huku kwetu?

Karatasi zetu nazo zinahama. Kenya ilizindua mfumo wa ardhi wa Ardhisasa mwaka 2021, ukianzia Nairobi. Jijini humo pia, shirika la Digital Divide Data limekuwa likiwapa vijana kazi za aina hii tangu mwaka 2011. Shirika hilo lilianzia Kambodia mwaka 2001, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta matoleo ya zamani ya gazeti la wanafunzi wa Harvard. Miongoni mwa vijana waliopata ajira huko Kambodia walikuwemo wenye ulemavu. Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu.

Basi msikilizaji, wewe au ndugu yako mkiitwa kwenye kazi kama hii, ulizeni kabla ya kusaini. Malipo ni kwa saa, kwa mwezi au kwa ukurasa? Kama ni kwa ukurasa, mashine ikiharibika nani anabeba hasara? Nitabaki hatua moja, au nitazunguka hatua zote? Nitapewa cheti kinachotambulika mahali pengine? Mkataba unasemaje kuhusu siku ambayo sanduku la mwisho litakuwa limemalizika?

Siku hiyo lazima ifike. Anayejua kutoa pini peke yake atarudi nyumbani. Anayejua kukagua, kupanga na kulinda kumbukumbu anaweza kuajiriwa katika ofisi yoyote inayotunza mafaili, iwe mahakama, hospitali au halmashauri.