Je, Wajua? Pombe ya Jana, Ndege ya Leo
Nchini Marekani rubani haruhusiwi kurusha ndege kabla ya saa 8 kupita tangu anywe pombe, hata bia moja. Tena saa hizo pekee hazitoshi: kilevi katika damu yake kikifika asilimia 0.04, haruki. Machi 1990, marubani watatu wa shirika la ndege la Northwest walirusha ndege ya abiria kutoka Fargo hadi Minneapolis baada ya kunywa sana usiku uliotangulia. Ilitua salama. Wote watatu walifungwa. Kapteni wao, Lyle Prouse, aliacha pombe, akarudi angani, na mwaka 2001 Rais Clinton akampa msamaha. Na kahawa je? Haiondoi ulevi. Ini husafisha damu kwa mwendo wake, polepole.