Maradhi ya Kizazi na Tiba Isiyokiondoa

Mtu mmoja alinijia baada ya darsa, akainamisha kichwa, akaniuliza: "Mwalimu, mke wangu damu yake hupita siku 15. Je, asali au asisali?" Nikamjibu kuwa hiyo ipitayo ni istihadha, wala haimwondolei mtu faradhi ya Sala. Akashukuru, akataka kwenda zake. Nikamzuia: "La Sala nimekujibu, la maradhi bado. Umempeleka kwa daktari?" Akanyamaza.

Ndugu wasomaji, kunyamaza huko ndiko kunakowadhuru wake zetu na binti zetu. Yako maradhi yaitwayo adenomayosisi. Utando upasao kuota ndani ya kizazi tu, huingia katika nyama ya kizazi chenyewe. Kila mwezi hutoa damu humo humo, kizazi kikavimba, maumivu yakazidi, na hedhi ikawa nyingi hata mwanamke akapungukiwa na damu mwilini. Si uchawi, wala si saratani. Daktari Carl von Rokitansky aliyaeleza tangu mwaka 1860.

Zamani, tiba iliyotegemewa ni kukitoa kizazi. Leo ziko njia nyingine. Iko ya kitanzi chenye homoni, kitiwacho ndani ya kizazi kikapunguza damu. Lakini kikiwamo, huzuia mimba. Iko ya kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinenani au wa mkononi, mpaka kwenye mishipa ikilishayo kizazi, zikatiwa chembe ndogo za kuiziba, na penye maradhi pakanywea. Tena iko ya mawimbi ya sauti, yakusanywayo mahali pamoja yakaiunguza nyama mbovu pasipo kisu. Hiyo hutumika sana Uchina.

Walakini kila njia ina mpaka wake. Maradhi huweza kurudi, na atakaye kuzaa hana budi kumweleza daktari mapema, kwani si kila njia imfaayo. Na ambaye hapana njia ila kutolewa kizazi, asidharauliwe wala asiachwe kwa sababu hiyo.

Yule mtu alirudi baada ya miezi. Mkewe amepimwa, na kwa kuwa wana watoto wanne, wamechagua kitanzi. Damu imepungua, na rangi ya uso imemrejea.

Basi enyi waume, waulizeni wake zenu hali zao. Nanyi akina mama, haya ni pambo jema, lakini msiyafichie maradhi.