Kukatwa mguu Minova: Mpira mkubwa wa mazoezi na safari ndefu ya kusimama tena

Kutoka Minova hadi Goma ni kama kilomita 50 tu. Gari linapita Bweremana, Shasha na Sake, Ziwa Kivu likiwa mkono wa kulia, na kwa mtu mwenye miguu yake miwili hiyo ni safari ya asubuhi. Kwa aliyekatwa mguu, ambaye mguu bandia wake unatengenezwa Goma, hesabu ni nyingine kabisa.

Mapema Februari 2024, waasi wa M23 walipofika Shasha na kuusogelea mji wa Sake, barabara hiyo ilikatika. Minova, mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Kalehe, ulijaa wakimbizi wa ndani, na njia iliyobaki ya kufika Goma ikawa maji. Oktoba 3 mwaka huo boti ya Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imebeba watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao ufukweni. Makumi ya watu walikufa. Januari 21, 2025 M23 iliuteka mji wa Minova wenyewe, siku chache kabla ya kuingia Goma.

Hospitali kuu ya rufaa ya Minova, ambayo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) limekuwa likiisaidia, imepokea majeruhi wa risasi na makombora katika miezi hiyo yote. Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) imekuwa ikisaidia upasuaji wa majeruhi wa vita katika hospitali ya CBCA Ndosho. Viungo bandia vyenyewe hupatikana katika kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma, au Heri Kwetu mjini Bukavu, kwenye barabara ya taifa namba 2.

Ila kati ya siku mshono unapofungwa na siku mguu bandia unapovaliwa kuna wiki nyingi, mara nyingine miezi. Katika muda huo, ambao hauna picha za kupiga wala wageni wa kupokea, ndipo inapoamuliwa kama mtu atatembea tena au la.

Mwili unaosahau

Mizani ya mwili hutegemea vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye misuli, viungo na nyayo. Aliyekatwa mguu amepoteza unyayo mmoja, na pamoja nao taarifa zote ambazo ubongo ulikuwa ukipokea kutoka upande huo. Uzito wa mwili nao umehama. Hata akiwa amekaa kitandani, kiwiliwili huelekea upande mmoja bila yeye kujua.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana haraka. Mtu anayekaa kutwa nzima kwenye kiti au mkeka, goti au nyonga ikiwa imekunjwa, misuli yake hufupika. Baada ya muda kiungo hakinyooki tena, na mguu bandia uliotengenezwa vizuri namna gani hautamfaa. Ndiyo maana wataalamu wa viungo, ambao mijini Goma na Bukavu huitwa zaidi kwa jina la Kifaransa, kine, humkataza mgonjwa kuweka mto chini ya goti la mguu uliokatwa, ingawa ndicho kitu cha kwanza ambacho ndugu mwenye huruma hukifanya. Humwambia alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, ili nyonga inyooke.

Hapo ndipo mpira mkubwa wa mazoezi unapoingia. Ni mpira wa plastiki laini uliojazwa hewa, wa kipenyo cha sentimita 55, 65 au 75, unaoweza kubeba mtu mzima aliyekaa juu yake. Mjini Dar es Salaam au Nairobi watu huujua kwenye kumbi za mazoezi, wanakokwenda wenye fedha kupunguza kitambi. Asili yake lakini si huko. Ulitengenezwa Italia mwaka 1963 na Aquilino Cosani, mwenye kiwanda cha plastiki, na waliouingiza hospitalini ni wataalamu wa viungo waliofanya kazi Uswisi: Mary Quinton aliyeutumia kwa watoto wachanga, na Susanne Klein-Vogelbach wa Basel aliyeutumia kwa watu wazima. Wamarekani waliuona huko, ndipo ukaitwa mpira wa Uswisi. Kwa hiyo ulianza kama kifaa cha wagonjwa. Kitambi kilikuja baadaye.

Faida yake inatokana na kasoro yake: hautulii. Ukikaa juu yake, misuli ya tumbo, mgongo na nyonga hulazimika kufanya kazi muda wote, kila mmoja kidogo kidogo, ili usianguke. Kwa aliyekatwa mguu, hiyo ndiyo misuli itakayomshika siku ya kwanza atakaposimama na mguu bandia.

Namna unavyofanyika

Zoezi la kwanza linaonekana kama si zoezi. Mgonjwa anakaa juu ya mpira ulioegemezwa ukutani, unyayo wake ukiwa wote chini, mtu mmoja amesimama upande wa mguu uliokatwa. Paja linatakiwa liwe karibu sawa na sakafu. Likielekea juu, mpira ni mdogo kwake au hauna hewa ya kutosha. Anakaa hivyo sekunde chache, mikono ikiwa mapajani. Baadaye anainua mkono mmoja, kisha wa pili. Kisha anafumba macho, na hapo wengi hushtuka, maana ndipo mtu anapogundua ni kiasi gani alikuwa akijishikilia kwa macho.

Zoezi la pili hufanyika chini. Mgonjwa analala chali, paja la mguu uliokatwa likiwa juu ya mpira, halafu analisukuma chini mpaka makalio yanyanyuke kidogo. Hilo hujenga misuli ya nyuma ya nyonga, ile inayozuia nyonga isikunjike. Kwa kawaida hurudiwa mara chache, anapumzika, anaanza tena. Kidonda kikiwa bado kibichi, kikitoa usaha, au mtu akiwa na kizunguzungu, zoezi huahirishwa. Mwenye mvunjiko mpya mahali pengine mwilini, jambo la kawaida kwa majeruhi wa makombora, haruhusiwi kuugusa mpira kabla daktari hajakubali.

Mpira hautibu kila kitu, na inafaa kusema hivyo wazi kwa sababu wauzaji husema kinyume. Mtindo wa kukalia mpira ofisini badala ya kiti, ulioenea Ulaya na Marekani, haukuthibitika kuwa na faida kubwa kwa mgongo, na baadhi ya waliopimwa walilalamika kuumia zaidi. Kinachoaminika zaidi ni mazoezi ya mizani kwa ujumla. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019, uliokusanya majaribio 108 na washiriki zaidi ya 23,000, uliona kwamba mazoezi yalipunguza kuanguka kwa wazee wanaoishi nyumbani kwa asilimia 23. Humo wengi hawakutumia mpira wowote.

Hiyo ni habari njema kwa Minova. Maana yake ni kwamba pasipo mpira kazi inaweza kuendelea. Blanketi au vitenge viwili vilivyokunjwa na kufungwa kwa kamba hutosha kwa lile zoezi la kusukuma paja. Godoro lililokunjwa mara mbili, ambalo nalo hutikisika kidogo, hutumika kwa kukaa. Mpira ukiwepo, hujazwa kwa pampu ya baiskeli, na adui yake mkubwa ni ardhi: msumari, kokoto, au yale mawe ya lava ambayo nyumba nyingi za Goma zimesimama juu yake. Hautandikwi bila turubai au mkeka chini. Afadhali pia kuchagua ule ambao ukitoboka hutoa hewa polepole kuliko ule unaopasuka, kwa sababu mtu wa mguu mmoja akidondoshwa ghafla huangukia kidonda.

Mpira huo huo una kazi nyingine katika kituo cha afya. Wakunga huutumia kwa mama mwenye uchungu, akaukalia na kuzungusha nyonga. Watoto wenye utindio wa ubongo hulazwa juu yake kifudifudi, ukisogezwa taratibu mbele na nyuma, ili wajifunze kuinua kichwa, karibu na vile Quinton alivyoanza zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kifaa kimoja, vyumba vitatu.

Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kuonyesha namna ya kukitumia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo tiba ya viungo ingeisaidia, na linasema katika nchi nyingi maskini wataalamu hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Vitani, fedha za dharura huenda kwanza kwenye damu, dawa za usingizi na vyumba vya upasuaji. Hakuna anayeweza kulaumu mpangilio huo. Lakini aliyeokolewa maisha akaachwa kwenye mkeka miezi minne, goti limekunjwa, atakuwa mzigo kwa familia ambayo yenyewe imekimbia mara mbili au tatu, na mkulima wa mihogo au mvuvi wa sambaza hana kazi ya kukaa.

Hata mguu bandia ukipatikana, safari haiishi. Kwa mujibu wa ICRC, mtoto huhitaji mguu mpya takriban kila miezi sita kwa sababu anakua, na mtu mzima kila miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya hapo, katika miezi ya kwanza, kigutu husinyaa kadiri uvimbe unavyopungua, na kile kikombe cha plastiki kilichopimwa kikamwenea vizuri kinaanza kulegea. Huanza kwa kuvaa soksi ya ziada. Zikifika soksi tatu au nne na mguu bado unacheza, ni lazima apimwe upya, yaani arudi Goma.