Tulipokelewa Kabla ya Kuhesabiwa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuata safari ya Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki: barua ya Rais Tshisekedi ya Juni 2019, ujumbe wa uhakiki uliofika Kinshasa mwishoni mwa Juni 2021, uamuzi wa wakuu wa nchi wa tarehe 29 Machi 2022, saini iliyotiwa Nairobi tarehe 8 Aprili, na uanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Leo naomba tutazame jambo ambalo halikusemwa sana siku zile za shangwe. Namba zinazoieleza nchi yetu zinatoka wapi, na nani alizihesabu?

Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Jumuiya kinaorodhesha mambo ya kupimwa kwa nchi inayobisha hodi. Kuna utawala bora na haki za binadamu, ujirani wa mipaka, uchumi wa soko, sera zinazopatana na za wenzake, na mchango ambao nchi inaweza kuleta. Ubora wa takwimu haumo. Kwingine si hivyo. Nchi inayoomba kuingia Umoja wa Ulaya hujadiliwa sura kwa sura, na sura ya 18 ni ya takwimu peke yake. Shirika la OECD lenye makao yake Paris nalo lina kamati ya takwimu inayoihoji ofisi ya takwimu ya mwombaji. Haiishii kuuliza jumla ni ngapi. Huuliza pia njia iliyotumika kuhesabu, na kama kuna sheria inayomlinda mtakwimu waziri asipoipenda namba yake. Hata kwa ukali huo watu huponyoka: Ugiriki iliingia kwenye sarafu ya euro mwaka 2001, na mwaka 2004 ikabainika kwamba nakisi ya bajeti yake ilikuwa imepita kikomo cha asilimia 3 miaka yote ile ya kuhakikiwa.

Sisi tuna tatizo la namna nyingine. Sensa yetu ya mwisho ilifanyika Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire, na ikapata watu wapatao milioni 30.7. Sensa ya pili imetangazwa na kuahirishwa mara nyingi. Kwa hiyo kila unaposikia kwamba Wakongo ni milioni 90, au milioni 100 na ushei, unasikia makisio yaliyojengwa juu ya msingi wa mwaka 1984. Mtakwimu huchukua idadi ile, huizidisha kwa kasi ya vizazi na vifo, na kusonga mbele mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya namna hiyo haijui kwamba mkoa wetu wa Ituri uliingia vitani kuanzia 1999, wala haijui kuwa vijiji vya Djugu mkoani humo vilianza kuhama tena Desemba 2017. Familia iliyokimbilia Mahagi au kuvuka kwenda Uganda bado inaishi kwao, kwenye karatasi.

Pengo hilo linazibwa kwa viraka. Zoni za afya zina hesabu zao, zinazotokana na kampeni za chanjo ambapo watoto huhesabiwa nyumba kwa nyumba. Mimi binafsi naziamini kuliko makisio ya mbali, maana mhesabuji amemwona mtoto kwa macho yake. Kuna tafiti za kaya, kama ule wa afya na uzazi wa 2013–2014. Kisha kuna orodha ya wapiga kura, ambayo mwaka 2023 ilifikia majina karibu milioni 44. Lakini kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu: bila hiyo hupiti barieri wala hupokei pesa zilizotumwa. Watu hujiandikisha ili waweze kutembea, na idadi ya walioandikishwa ndiyo hutumika kugawa viti vya bunge. Orodha yenye kazi zote hizo haiwezi kushika nafasi ya sensa.

Upande wa biashara, shuka ufukweni Mahagi-Port siku ya soko. Mama ana magunia mawili ya ndakala, samaki wadogo waliokaushwa, na pembeni yake dumu la mawese. Mtumbwi wenye injini unavuka Ziwa Albert kwenda Panyimur, upande wa Uganda. Atauza kwa shilingi za Uganda, atanunua sabuni, sukari na unga, kisha atarudi. Alipoondoka alilipa hiki na kile, mara nyingi bila karatasi. Katika vitabu vya Kongo, ndakala wale hawakutoka, na sabuni ile haikuingia.

Jirani yetu hufanya tofauti. Kwa miaka mingi ofisi ya takwimu ya Uganda na benki kuu yao zimekuwa zikiweka watu kwenye mipaka, Goli na Mpondwe miongoni mwake, wakitazama na kuandika kila kinachopita nje ya forodha, kiwe kichwani au juu ya baiskeli, na kukadiria uzito wake. Ndiyo maana Uganda inajua kwamba Kongo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa kabisa katika biashara isiyo rasmi, na wataalamu wakitaka kujua biashara yetu huanza kwa kufungua daftari la jirani. Dhahabu ndiyo inauma zaidi. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimerudia kusema kwamba dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Ituri huvushwa kimagendo hadi Kampala. Huko inaonekana katika mauzo ya nje ya Uganda, wakati kwetu haionekani popote.

Je, haya yana uzito gani, ikiwa tumeshapokelewa? Yana uzito kwa sababu mlango mgumu bado uko mbele. Itifaki ya sarafu moja, iliyosainiwa Novemba 2013 na ambayo sasa inalengwa kutekelezwa mwaka 2031, inadai mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisilozidi asilimia 50 ya pato hilo, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Angalia: vipimo viwili kati ya vinne vinagawanywa kwa pato la taifa, na akiba inapimwa kwa bidhaa zinazoingia. Kama ziwa zima halimo kwenye hesabu, kigawanyo chenyewe ni cha kubuni, na nchi inaweza kufaulu au kufeli bila yeyote kujua kwa nini. Nigeria ilipohesabu upya uchumi wake mwaka 2014, pato lake lilipanda kwa takriban asilimia 89, na ile ni nchi iliyokuwa na sensa ya mwaka 2006.

Jumuiya tayari ina hati rahisi ya asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Hati hiyo humpunguzia mchuuzi ushuru, na wakati huohuo huandika kilichopita. Wabunge wetu wa Mahagi na serikali ya mkoa Bunia waidai ifike mwaloni, si kwenye vituo vikubwa vya barabara tu, na wadai Kinshasa itenge pesa za sensa na kuitaja tarehe. Nanyi mama zetu wa ndakala, mkitozwa chochote ufukweni, ombeni karatasi yenye jina la bidhaa na uzito wake.