Msongo wa Taifa: Maungu Hawalali (Sehemu ya Pili)

Mwaka 2020 jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, chini ya uenyekiti wa Dkt Frank Njenga, lilitoa mapendekezo mawili ambayo wengi wetu tuliyasoma magazetini tukaendelea na shughuli. La kwanza, maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. La pili, kuundwe Tume ya Afya ya Akili na Furaha. Neno furaha huchekesha kidogo likitoka kinywani mwa serikali. Hata hivyo, wazo lenyewe si la mzaha. Bhutan imekuwa ikizungumzia furaha ya raia kama kipimo cha maendeleo tangu miaka ya sabini, na Umoja wa Mataifa uliafiki mjadala huo mwaka 2011.

Juma lililopita tulieleza msongo wa mawazo ni nini. Leo tuichukue tume hiyo, kwa kuwaza tu, tuishushe Maungu.

Maungu iko kaunti ya Taita Taveta, katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, takriban kilomita 30 kabla ya kufika Voi. Matrela huegeshwa hapo kandokando ya lami, na anayeuza chai na chapati humtegemea dereva. Serikali ilipoamuru mizigo ya bandarini isafirishwe kwa reli ya SGR, miji yote ya barabarani kutoka Mariakani hadi Mtito Andei iliisikia amri hiyo mfukoni. Amri ililegezwa baadaye, lakini aliyefunga kibanda chake alikuwa ameshafunga. Naye dereva ana yake: foleni ya mizani, tajiri anayepiga simu kuuliza gari limefika wapi, na usiku usiokuwa na kitanda. Ndiyo maana shavu lake limejaa muguka. Mei 2024 kaunti ya Taita Taveta ilijiunga na Mombasa na Kilifi kuupiga vita mmea huo. Nakubali muguka hudhuru. Lakini anayeutafuna ili asisinzie kwenye usukani ana tatizo lililoanza kabla ya jani kufika mdomoni.

Ukiiacha lami ukaingia ndani, kuelekea Buguta na mlima Kasigau, unakutana na msongo wa aina nyingine. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii. Mkulima wa mahindi na pojo analima katika kipande kilichobaki, na ndovu hawajui mpaka uko wapi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Zikinyesha, zao likianza kukomaa, ndovu nao wana taarifa. Basi mtu anakesha shambani na tochi na debe la kugonga, asubuhi anawapeleka watoto shule, mchana anatafuta kibarua, jioni anarudi kukesha.

Mwilini mwake kunatokea nini? Tawi linapovunjika gizani, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala inapiga kengele. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, kisha kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inaongezeka damuni, tumbo linasimamisha kazi yake. Ni mpango mzuri sana kwa mtu anayepaswa kukimbia ndovu dakika tano. Hans Selye, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1936, aligundua kwamba balaa linaanza pale hali hiyo isipokoma. Usiku wa arubaini wa kukesha, kengele inalia hata kama kilichovunja tawi ni mbuzi. Presha inapanda, usingizi hauji hata akipata nafasi ya kulala, kumbukumbu inafifia, hasira ziko karibu. Mtoto anapigwa kwa kosa ambalo mwaka jana lingechekwa.

Hapo ndipo msongo wa mtu mmoja unapokuwa mambo ya taifa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipopimwa kabla ya mavuno, wakati mfuko umekauka, walifanya vibaya katika mitihani ya kufikiri ambayo baada ya mavuno waliifanya vizuri zaidi. Akili zao hazikuwa zimebadilika, zilikuwa zimejaa. Jumlisha hao na madereva, akina mama wa vibandani na walimu, utapata nchi inayoamua mambo yake makubwa, ya kura na ya mikopo, ikiwa na usingizi machoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka.

Sasa, dawa inayotajwa sana siku hizi ni umakinifu, yaani kuituliza akili kwenye jambo lililopo sasa hivi. Jon Kabat-Zinn aliuingiza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 kwa mafunzo ya wiki kadhaa. Kuufanya hakuhitaji vifaa. Kaa, mgongo wima. Sikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Akili itatoroka iende kwenye deni la duka. Irudishe bila kujikaripia. Itatoroka tena, irudishe tena. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni na tumboni huupunguza mwendo wa moyo. Hilo ni jambo la mwili, halitegemei dini wala elimu ya mtu. Dereva asilifanye akiendesha. Alifanye gari likiwa limeegeshwa.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyouzwa. Mwislamu anaufahamu utulivu unaotafutwa katika sala, na uradi unaorudiwa kwa pumzi. Wataita nao walikuwa na kutasa: mzee alijaza kinywaji mdomoni, akakipuliza nje huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira moyoni, kwa sababu waliamini kwamba hasira iliyofichwa huleta ugonjwa na mikosi katika ukoo. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu ya hilo. Sisemi kutasa ni umakinifu. Kutasa kulikuwa kazi ya jamaa nzima, na pengine hapo wazee walituzidi.

Lakini tusidanganyane. Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2014 yaliona umakinifu unapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi cha wastani tu. Shule za Uingereza zilipowafundisha wanafunzi wao umakinifu, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 hayakuonyesha faida zaidi kuliko masomo ya kawaida. Hapa Kenya, Johannes Haushofer na wenzake walilinganisha vijijini vitu viwili: ushauri nasaha wa wiki tano, na pesa taslimu. Mwaka mmoja baadaye waliopewa pesa walikuwa na nafuu ya moyo. Ushauri peke yake haukuacha alama iliyoweza kupimwa. Na mtu aliyepatwa na mkasa mzito anaweza kuzidiwa akiachwa kimya na mawazo yake. Huyo anahitaji daktari.

Nionavyo mimi, mradi bora wa afya ya akili katika kaunti hii uko Sagalla, na haukuanzishwa na daktari wa tiba. Dkt Lucy King na wakulima wa huko walizungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, nyuki wanatoka. Utafiti wa karibu miaka tisa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba ndovu wengi waliofika waligeuza njia. Mkulima analala, kisha anauza asali. Ingawa ukame hupunguza nyuki na uzio hushindwa baadhi ya misimu, usiku mmoja wa usingizi una thamani zaidi kuliko semina ya furaha hotelini Voi.

Pumzi humsaidia mtu asivunjike kabla uzio haujafika. Isitumiwe na viongozi kama sababu ya kutoleta uzio. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaahidi Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, pamoja na fidia ya mazao, na familia zinazosubiri malipo hayo kwa miaka zinaumwa na kusubiri kwenyewe.

Kwa hiyo, msomaji wa Maungu, Buguta au Sagalla: jaribu dakika kumi za pumzi kila alfajiri. Ukiona majuma yanapita hulali, huli, au unafikiria kujitoa uhai, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi. Na mwakilishi wako wa wadi akija kuomba kura, muulize kuhusu uzio na fidia kabla hajamaliza salamu. Juma lijalo tutaingia darasani, tuone msongo wa mitihani.